Presha ya Mume na Presha ya Mke

Katika kijiji cha Bodo, kilichoketi ukingoni mwa bahari kusini ya Msambweni, mahali ambapo msafiri wa kisiwa cha Funzi huiacha nchi kavu na kupanda chombo, mume na mke hula aghalabu kutoka chungu kimoja: sima au wali, mchuzi wa nazi, na samaki aliyevuliwa alfajiri, au ng'onda wa chumvi iwapo bahari imechafuka na vyombo havikutoka. Chumvi iliyomo chunguni ni moja, jua la kutwa ni moja, na fikira za karo za watoto na bei ya mafuta ya mashine ni zile zile. Lakini chumvi hiyo ikishapita kooni na kuingia katika damu, mwili wa mume huipokea kwa desturi yake na mwili wa mke kwa desturi nyingine, na tofauti hiyo, isiyoonekana kwa jicho, ni mojawapo ya mambo yanayoamua ni nani atakayepatwa na presha mapema, ni nani atakayepatwa nayo baadaye, na ni dawa ipi itakayomfaa mmoja ikamdhuru mwenziwe.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa kote nchini Kenya mwaka 2015, kwa watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya kupanda, na miongoni mwa hao waliokuwa nayo, wasiofika wawili katika kila kumi ndio waliokuwa na habari. Maradhi haya hayaleti homa wala kidonda. Mtu huamka, huenda shambani au baharini, hucheka na wenziwe barazani, na siku yake ya kwanza ya kujua kwamba anaumwa huenda ikawa siku ya kiharusi. Ndipo inapofaa tuuulize mwili wenyewe jinsi unavyoipima damu yake, na kwa nini mizani ya mwanamume haikufanana na ya mwanamke.

Habari hiyo huanzia katika figo. Mwaka 1898, mjini Stockholm, mabwana wawili walioitwa Robert Tigerstedt na Per Bergman walizisaga figo za sungura, wakachuja maji yake, wakayatia katika mishipa ya sungura wengine, na presha ya wanyama hao ikapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Kazi yao ikasahauliwa kwa miaka mingi, hata mwaka 1934 Harry Goldblatt, tabibu wa Marekani, alipobana mishipa iendayo katika figo za mbwa na kuona presha yao ikipanda na kudumu juu. Leo twajua mpango wote unavyokwenda. Figo ikihisi kwamba damu imepungua nguvu au chumvi imekuwa haba, hutoa renini. Renini huikata protini itengenezwayo na ini, iitwayo angiotensinojeni. Kipande kinachopatikana hubadilishwa na kimeng'enya kilichojaa mapafuni kikawa angiotensini ya pili. Na hiyo angiotensini ya pili hufanya mambo mawili, kuibana mishipa ya damu, na kuziamuru tezi zilizoketi juu ya figo zitoe homoni nyingine, aldosteroni, ambayo huiambia figo isiipoteze chumvi. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, damu huongezeka, na presha hupanda. Aldosteroni yenyewe ilitambuliwa London mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait, waliofanya kazi pamoja maabarani na baadaye wakaoana.

Asiyefikiri atadhani kwamba homoni hizi ni adui, ilhali bila ya hizo mvuvi ashindaye juani, jasho likimtiririka tangu alfajiri hata adhuhuri, angalianguka chomboni kabla ya kuiona pwani. Madhara huja pale ambapo kitu kilichowekwa kwa ajili ya siku za uhaba kinafanya kazi siku zote, na chumvi nayo imejaa. Tena Muumba hakuuacha mwili na nguvu ya kukaza peke yake. Upo upande wa pili wa mpango huu, ambao wataalamu waliuelewa vizuri zaidi baada ya mwaka 2000, kilipogunduliwa kimeng'enya cha pili, ndugu wa kile cha mapafuni, ambacho huitwaa angiotensini ya pili na kuigeuza kuwa kitu cha kuilegeza mishipa. Na hata angiotensini ya pili yenyewe, ikishikwa na aina ya pili ya vipokezi vyake, hulegeza badala ya kubana. Kama vile nahodha anavyoiendesha mashua kwa kukaza demani na kuilegeza kwa kadiri ya upepo, ndivyo mwili unavyoishika damu kwa pande hizi mbili, na yote nitakayoyasema juu ya waume na wake yanahusu ni upande upi unaovuta zaidi, na katika umri gani.

Watoto wa kike na wa kiume, kabla ya kubaleghe, presha zao hazitofautiani sana. Wakiisha kubaleghe, ya mvulana huitangulia ya msichana, na hukaa juu yake miaka mingi. Katika mwili wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, homoni ya estrojeni huingilia mambo kwa njia nyingi kwa pamoja, wala si zote zielekeazo upande mmoja. Huliamuru ini lizidishe angiotensinojeni, jambo ambalo kwa haki lingalipandisha presha. Lakini papo hapo hupunguza renini, hudhoofisha kimeng'enya cha mapafuni, hupunguza vipokezi vya kubana na kuongeza vile vya kulegeza, na huuhimiza utando wa ndani wa mishipa utoe oksidi ya nitriki, ambayo huipumzisha misuli ya mshipa. Hesabu ikijumlishwa, faida huelekea upande wa kulegeza. Projesteroni, nayo, hushika vipokezi vya aldosteroni kabla ya mwenyewe kufika, chumvi ikapata njia ya kutoka. Na ndiyo sababu katika nusu ya pili ya mwezi wa hedhi, projesteroni inapokuwa juu, renini na aldosteroni hupanda pia, mwili ukifidia kile unachokipoteza.

Kwa upande wa mwanamume, renini iliyomo katika damu yake huwa nyingi kuliko ya mwanamke wa umri wake ambaye bado yumo katika hedhi, na testosteroni imeonekana kuuongezea nguvu upande wa kukaza. Katika panya waliozaliwa na maradhi ya presha, madume huwa na presha ya juu kuliko majike, na dume likihasiwa, presha yake hushuka hata ikakaribia ya jike. Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema kwamba testosteroni ni sumu, maana kwa wanadamu jambo hili lina pande zake: wanaume wanene ambao testosteroni yao imepungua mno nao huwa na presha ya juu mara nyingi. Na liko jambo jingine lisilotokana na homoni za jinsia moja kwa moja. Jeni ya kile kimeng'enya cha pili, na jeni ya vile vipokezi vya kulegeza, zote mbili zimo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume anayo moja. Ijapokuwa katika kila seli ya mwanamke nakala moja ya kromosomu hiyo hunyamazishwa, baadhi ya jeni huponyoka katika unyamazisho huo, na yamkini hapo pana sehemu ya hifadhi aliyopewa.

Hifadhi hiyo hutahiniwa vikali katika mimba. Mwili wa mjamzito huongeza damu yake kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50. Renini, angiotensini na aldosteroni hupanda mara kadhaa kuliko kawaida. Na mtu aliyesoma habari hii hata hapa angetazamia presha ipae. Ajabu ni kwamba, katika miezi ya mwanzo na ya katikati, hushuka. Mishipa ya mama mja mzito huwa haiitikii tena amri ya angiotensini, hivyo chumvi na maji huwekwa kwa ajili ya mtoto, na mishipa haibani. Mwaka 1973 matabibu wa Dallas, Marekani, walieleza jinsi walivyowatilia angiotensini kidogo kidogo wanawake wa mimba ya kwanza na kupima presha zao: wale waliomaliza mimba salama waliendelea kuistahimili, na wale waliokuja kupatwa na presha ya mimba walianza kupoteza ustahimilivu huo wiki nyingi kabla dalili yoyote haijaonekana.

Hiyo ndiyo njia ielekeayo kwenye kifafa cha mimba. Baada ya wiki ya 20, kondo la nyuma ambalo halikujishika vizuri katika tumbo la uzazi hupeleka katika damu ya mama vitu vinavyoharibu utando wa mishipa. Presha hufika 140 juu ya 90 na kupita, protini huonekana katika mkojo, kichwa huuma bila kupoa, macho huona ukungu au vimulimuli, na maumivu hukaa juu ya tumbo upande wa kulia. Kisha, asipotibiwa, mama huweza kuanguka na kutikisika. Sisi watu wa pwani tumezoea, mtu akianguka hivyo, kutaja pepo, na si ajabu, maana tukio lenyewe huwatisha walioko. Lakini saa inayopotea katika kutafuta ubani na mganga ndiyo saa ambayo hospitali kuu ya kaunti pale Msambweni ingaliitumia kumdunga mgonjwa sindano ya magnesiamu sulfeti. Dawa hii ni ya bei nafuu na ya zamani, na katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2002, kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa hicho. Hapa pwani kwetu, kaskazini ya Mombasa, watafiti wa mtandao uitwao PRECISE wamewafuatilia wajawazito wa Rabai na Mariakani, katika kaunti ya Kilifi, sawia na wenzao wa Gambia na Msumbiji, wakitafuta asili ya maradhi haya katika kondo la nyuma na katika damu. Na mama aliyeokoka asidhani kwamba habari imekwisha alipojifungua, kwani hatari yake ya kupatwa na presha na maradhi ya moyo katika miaka ya mbele huwa kubwa kuliko ya mwenziwe ambaye mimba yake ilikwenda salama, na kwa hiyo yampasa kupimwa kila mwaka, hata akijiona mzima.

Tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni zapasa kutajwa hapa. Estrojeni inayomezwa hupita kwanza katika ini, na ini, kama tulivyoona, hujibu kwa kutoa angiotensinojeni kwa wingi. Kwa wanawake wengi mabadiliko ni madogo, lakini kwa wachache presha hupanda, na ndiyo maana mhudumu mwangalifu humpima mama kabla ya kumpa tembe hizo na humpima tena baadaye. Sindano ya miezi mitatu haina estrojeni, na kwa jambo hili haina taathira kubwa.

Kisha hufika umri wa hedhi kukoma, aghalabu karibu na miaka 50. Estrojeni huondoka, renini hupanda, mishipa huwa migumu, na figo huishika chumvi kuliko ilivyokuwa ikifanya. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya mumewe kwa presha humfikia, na baada ya miaka 60 mara nyingi humpita. Huko Marekani palikuwa na tumaini kwamba kumrudishia mwanamke homoni zake kungemrudishia na hifadhi yake. Lakini jaribio kubwa lililosimamishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba estrojeni pamoja na projestini haikuukinga moyo, bali iliongeza kiharusi na damu kuganda, na tangu hapo homoni hizo haziandikwi kwa ajili ya kuulinda moyo. Tena uchambuzi uliotolewa mwaka 2020, kwa vipimo vya zaidi ya watu 32,000, ulionyesha kwamba kasi ya kupanda kwa presha kwa wanawake huanza kuwa kubwa kuliko ya wanaume tangu umri wa miaka 20 na kitu, hata ikiwa kiwango chenyewe bado kiko chini. Asiwepo basi wa kumwambia binti wa miaka 35 kwamba presha ni ya wazee.

Juu ya haya yote pana jambo linalotuhusu sisi Waafrika, waume kwa wake. Kwa wengi wetu presha ya kupanda huja pamoja na renini ya chini, dalili kwamba mwili umejaa chumvi na maji, na figo imekwisha kuamriwa iache kutoa renini. Maradhi haya hayakuwa urithi wa lazima. Mwaka 1929 tabibu aliyeitwa Donnison, aliyehudumu Kavirondo ya Kusini, magharibi ya Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini hakumwona hata mmoja mwenye presha ya juu. Na mwaka 1990 watafiti waliowafuata Waluo waliohama kutoka vijijini kwao kwenda Nairobi walieleza kwamba presha yao ilipanda katika miezi ya mwanzo tu, pamoja na kuongezeka kwa chumvi katika mkojo wao. Kilichobadilika ni maisha na chungu, na chungu cha pwani kina chumvi yake ya asili: samaki hupasuliwa mgongoni, hutolewa matumbo, husuguliwa chumvi ya mawe mpaka ndani ya nyama, kisha huanikwa uchagani siku kadhaa, na mama karanga akaangaye samaki wabichi kwa ajili ya kuuza jioni naye humkoleza chumvi kila mmoja kabla ya kumtumbukiza katika mafuta. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, nayo ni kijiko kimoja kidogo cha chai. Ng'onda akirowekwa usiku kucha, na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya chumvi hiyo huenda na maji.

Kwa sababu ya renini hiyo ya chini, dawa zinazokatiza njia ya angiotensini, kama enalaprili na losartani, zikitumiwa peke yake huwa dhaifu kwetu kuliko kwa wengine. Jaribio la CREOLE, lililotangazwa mwaka 2019 na kufanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, lilionyesha kwamba amlodipini pamoja na dawa nyingine, iwe ya kukojoza au ya jamii ya enalaprili, hushusha presha vizuri zaidi kuliko hizo mbili zikichanganywa bila ya amlodipini. Hapo ndipo ilipo hatari ya desturi niionayo katika nyumba nyingi, ya mume kuazima tembe za mkewe mwisho wa mwezi, au mke kumeza za mumewe kwa kuwa maradhi yanaitwa jina moja. Enalaprili huleta kikohozi kikavu, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mjamzito haruhusiwi kuimeza kabisa, kwa kuwa huziharibu figo za mtoto aliye tumboni, na badala yake hupewa methildopa au nifedipini. Amlodipini huvimbisha miguu, nayo huwapata wanawake zaidi. Spironolaktoni, inayoipinga aldosteroni, huipinga pia testosteroni, hata mwanamume akaota matiti yenye maumivu. Na kwa wagonjwa wa moyo uliochoka, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanawake walipata manufaa yao yote kwa takriban nusu ya kipimo cha dawa walichohitaji wanaume, ilhali vipimo vilivyoandikwa vitabuni vilitokana zaidi na majaribio ya wanaume.

Kutokana na haya, tabibu anayemhudumia mtu mwenye presha anapaswa kumwuliza mambo ambayo kipimo hakiyajui: kama ni mwanamke, ana mimba au anatarajia, hedhi yake yaendeleaje, anatumia njia gani ya kupanga uzazi, na mimba zake zilizopita zilikwendaje, na mgonjwa naye asione haya kuyasema asipoulizwa. Kupima kwenyewe kumekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini Kenya wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, nao hupita nyumba kwa nyumba. Mpimwaji na akae kitako kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza sawa na kifua, bila kuzungumza, wala asipimwe akiwa amefika mbio kutoka ufuoni na ndoo ya samaki kichwani. Mwanamke wa pwani, kwa sababu ya kliniki za mimba na za watoto, huupitia mlango wa zahanati mara nyingi katika umri wake. Mwanamume, ambaye presha yake ndiyo inayotangulia kupanda, hana mlango kama huo, na hungoja mpaka aanguke. Basi mume amsindikizaye mkewe kliniki, akiisha kuona mkewe amepimwa, naye na akunje mkono wa kanzu yake akae katika kiti kile kile, kwani mashine ile haikuandikwa jina la mwanamke.